Acheni kuwaambia watu waongeze kifurushi cha intaneti wakati filamu iko kwenye NAS (kisanduku cha diski cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani) hapohapo nyumbani!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anauliza kwa nini filamu za kwenye NAS yake zinakwamakwama kwenye TV, na majibu yote ni "lipia kasi kubwa zaidi". Kasi ya intaneti inahusika wapi? Faili linatoka kwenye diski, linapita kwenye rauta, linaingia kwenye TV. Nje ya nyumba halitoki.

Na nyie wa "nunua SSD", ile diski ya kasi isiyozunguka, pumzikeni. Diski ya kawaida ikiwa nzima inasoma megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde, yaani megabiti 800. Filamu gani inataka hizo? Diski iliyolala itakuchelewesha sekunde chache mwanzoni tu. Haikati filamu katikati.

Anzeni na hesabu. Ukubwa wa faili kwa gigabaiti, zidisha kwa 8,000, gawa kwa sekunde za filamu. Faili la GB 60 la saa mbili: 480,000 ÷ 7,200, karibu Mbps 67 (megabiti kwa sekunde). Huo ni wastani! Ikifika sehemu yenye mvua, moshi au vurugu nyingi kwenye picha, faili la namna hiyo linaweza kupita 100, na hapo ndipo kaduara kanapoanza kuzunguka.

Sasa soma sifa za tundu la mtandao la TV yako. TV kibao za 4K zimewekewa tundu la Mbps 100. Yaani watengenezaji wanakuuzia skrini ya kifahari, halafu ubahili wote wanaumalizia kwenye tundu la waya! Ndiyo maana mtu anaacha Waifai, anavuta waya wa mtandao wa Cat6 ukutani, na mambo yanazidi kuharibika. Waifai ya GHz 5, rauta ikiwa chumba hichohicho, mara nyingi inalishinda tundu hilo. Njia nyingine ni kisanduku cha kuchezea video chenye tundu la gigabiti, au adapta ya USB ya gigabiti kama TV inaitambua.

Waya nao unadanganya. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane za ndani. Mmoja ukikatika au pini ikikaa vibaya, kasi inaweza kushuka hadi Mbps 100 kimyakimya, bila onyo lolote. Msibahatishe, pimeni kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao. Kwenye NAS:

iperf3 -s

Kisha chomoa waya wa TV, uchomeke kwenye laptop yenye tundu la gigabiti:

iperf3 -c anwani-ya-NAS -R

Hiyo -R msiisahau, ndiyo inayopima upande ambao filamu inapita. Ukiona karibu Mbps 940, waya ni mzima. Ukiona 94, badilisha waya au swichi kabla hujamlaumu mtu.

Mtandao ukiwa safi na bado inakwama, fungua dashibodi ya Jellyfin au Plex (programu za seva zinazorusha filamu kutoka NAS kwenda TV) filamu ikiwa inacheza. Ikionyesha video inafanyiwa transikodi, prosesa ya NAS inasulubiwa kuigeuza video upya papo kwa papo, na prosesa nyingi za NAS ndogo hazina ubavu huo kwa 4K. Mchawi mkubwa hapa ni sabtaito za PGS, zile zinazotoka kwenye Blu-ray. Zile ni picha, si maandishi, kwa hiyo TV isipoziweza, seva inazichoma juu ya video na kuisindika yote upya. Zizime. Kukwama kukiisha, umemkamata. Weka faili la SRT (sabtaito za maandishi) lenye jina lilelile pembeni ya filamu.

Sauti ya aina ya DTS au TrueHD ambayo TV haiielewi, igeuze mara moja tu kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

Picha haiguswi, kwa hiyo haichukui muda mrefu. Halafu angalia programu ya kwenye TV isije ikawa imewekewa kikomo cha ubora. Kikomo hicho pekee kinatosha kulazimisha transikodi hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

NYONGEZA: Mnaoleta habari za ripita (kifaa cha kurefusha Waifai), soma kwanza ina redio ngapi. Yenye redio moja inapokea na kutuma kwenye chaneli ileile, hivyo kasi inakatika karibu nusu. Hiyo si dawa, ni ugonjwa mwingine.