Kopo la "kupandisha serotonini" kwa mtoto mwenye usonji: dawa au biashara?

mjomba_mtu: Wakuu habari zenu. Dada angu ana mtoto wa miaka sita ana usonji, juzi kuna mtu kamuuzia kopo la vidonge, bei imechangamka kwelikweli, kamwambia mtoto kapungukiwa serotonini (kemikali ya mwilini inayobeba ujumbe kwenye ubongo) ndo maana haongei, akipandishiwa atakaa sawa. Nikaanza kusomasoma, kumbe habari yenyewe ilianzia upande wa pili kabisa, mwaka 1961 huko Marekani watafiti Schain na Freedman walipima damu za watoto wenye usonji wakakuta baadhi yao serotonini iko JUU, na waliopima baadae nao wakakuta hivyohivyo, kama mtoto mmoja kati ya wanne. Sasa aliyejaa unamwongezea nini?

mama_wawili: Mjomba umesoma ya damu, ya ubongo je? Ile ya kwenye damu karibu yote inatengenezwa kwenye utumbo na haivuki kuingia kwenye ubongo, kwahiyo damu inaweza ikajaa na ubongo ukawa na shida zake. Mtafiti Chugani na wenzake miaka ya 90 walipiga picha za ubongo, mtoto wa kawaida chini ya miaka 5 anatengeneza serotonini zaidi ya mara mbili ya mtu mzima halafu inashuka, hawa wa usonji haikwenda hivyo. Kwahiyo serotonini ipo kwenye hii kesi msiibeze. Na dada ako usimcheke, mtoto akijigonga kichwa ukutani saa nane usiku unanunua chochote.

nesi_zamu_ya_usiku: Ipo kwenye kesi sawa mama, ila kuwepo sio kwamba ukiigusa tu mtoto anapona. Washaijaribu kote kote. Miaka ya 80 walitoa fenfluramini kuishusha, mwanzo ilikuwa shangwe, wakapima watoto wengi zaidi shangwe ikaisha, na 1997 dawa ikatolewa sokoni Marekani kwa kuharibu vali za moyo. Wakageukia dawa za sonona. 2009 watoto 149, nusu sitalopramu nusu dawa feki (kidonge kisicho na dawa ndani), wa dawa wakapata nafuu 33%, wa feki 34%!! Na wa dawa ndo wakakosa usingizi na kuwa na papara zaidi. Hapo kwenye 34% ndo muuzaji wa kopo anapopatia ushuhuda wake.

mama_wawili: Sista mbona dawa ya risperidoni mnaandika, nayo si inagusa serotonini? Wangu imemsaidia.

nesi_zamu_ya_usiku: Inagusa, na dopamini pia, kemikali nyingine ya ubongo. Marekani iliruhusiwa 2006 kwa hasira na kujiumiza, sio kwa usonji wenyewe, na mtoto anafuatiliwa uzito na damu. Kopo nani anafuatilia? Mjomba limeandikwa nini?

mjomba_mtu: 5-HTP, na dozi ya mtoto haijaandikwa popote.

nesi_zamu_ya_usiku: Hiyo mwili unaigeuza serotonini moja kwa moja. Kama kuna dawa ya sonona au nyingine anatumia asichanganye kabisa, ikizidi mtoto anatetemeka, joto linapanda, mapigo yanakimbia, anaweza hata kukufia mkononi. Ampeleke kwa daktari na kopo lake.

mjomba_mtu: Nimemwambia, kanuna. Anasema tangu juzi mtoto kalala siku mbili mfululizo hadi asubuhi, mimi nani nimbishie.