Wakala wa akili mnemba anachanganya zana, maelezo yake yaandikweje?

kijana_kizota
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, tunatengeneza wakala wa kujibu meseji za wafanyabiashara wa mazao. Tumempa zana tatu, yaani kazi za programu anazochagua mwenyewe kuziita: tafuta_bei ("Inatafuta bei"), pata_taarifa ("Inapata taarifa za zao") na weka_oda ("Inaweka oda ya usafiri"). Mtu akiandika "alizeti Kibaigwa leo inaendaje", jamaa anakimbilia pata_taarifa na kumwaga somo zima la nafasi za kupandia. Mwingine kaomba lori kesho saa mbili, oda ikaingia 02:00. Nikaongeza kwenye tafuta_bei "MUHIMU SANA, TUMIA HII KWANZA", sasa hata ukimpa shikamoo anatafuta bei. Modeli, yaani akili mnemba yenyewe inayomwendesha, nimeshabadilisha, hali ni ile ile. Naombeni msaada.

mchana_kweupe
Nunua modeli kubwa zaidi, yaishe.

mama_mizani
Kubwa itakosea vilevile, ila kwa gharama zaidi. Mdogo wangu, modeli haioni kodi ya programu yako. Inaona jina la zana, maelezo, na vigezo vyake (nafasi inazopaswa kuzijaza, kama soko au saa), basi. Hebu mpe kijana wa mafunzo hapo ofisini sentensi zako tatu, usimfungulie kompyuta, umuulize "inaendaje" inakwenda kwenye zana ipi. Bei nayo si taarifa? Ya pili iite ushauri_wa_kilimo, nusu ya ugomvi itakwisha. Hizo herufi kubwa zifute.

Ya bei ningeiandika hivi: "Hurejesha bei ya jumla ya zao moja, soko moja, siku moja, kwa shilingi za Tanzania kwa kilo. Itumie mtu anapouliza bei kwa namna yoyote, mfano 'linaendaje' au 'gunia shingapi'. Usiitumie kwa maswali ya kupanda, mbegu au dawa. Haina bei za rejareja. Bei ya siku hiyo ikikosekana, hurejesha ya karibuni pamoja na tarehe yake. Mtajie mtumiaji tarehe hiyo."

Sasa vigezo, na hapa ndipo watu wanapochoka mapema. Kabla ya haya mambo ya kompyuta nilikuwa karani wa mizani Kibaigwa, kwa hiyo mtu akiniandikia kigezo kinaitwa "kiasi" namuuliza: kiasi cha nini? Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, unaijua, na dalali hatakwambia kwamba ni lumbesa. Kiite uzito_kilo, kisha ueleze: "Mtumiaji akitaja magunia bila uzito, muulize, usikadirie." Soko usiliache wazi liandikwe lolote. Weka orodha ya majina yanayokubalika, la sivyo leo utapata "Kibaigwa", kesho "soko la Kibaigwa", keshokutwa jina la wilaya, "Kongwa".

Saa ndiyo usiifanyie mchezo. Andika: "Mfumo wa saa 24. Watumiaji hutaja saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa saba mchana ni 13:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00. Asipotaja asubuhi wala usiku, muulize." Mifano minne hiyo inafanya kazi kuliko aya nzima ya kanuni.

Na makosa yaseme kitu. "Hitilafu 400" haimsaidii wakala; atarudia jambo lile lile mpaka salio likate. Mrudishie: "Soko 'Kongwa' halipo. Yaliyopo ni haya," uyataje.

bonge_la_tokeni
Dada, maelezo marefu hivyo si yanakula tokeni, vile vipande vya maneno tunavyolipia? Yanatumwa kila ombi. Na Kiswahili kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza. Mimi maelezo naandika kwa Kiingereza, maneno ya wateja tu ndiyo nayaacha kwa Kiswahili.

mama_mizani
Yanakula, sikatai. Lakini lori lililofika usiku wa manane Nala linakula zaidi. Ukiwa na zana hamsini tuzungumze upya, hapo kwanza uzipunguze. Lugha andika ile ambayo mwenzako wa ofisini anaweza kuisoma akaona ulipokosea. Kwangu ni Kiswahili.

kijana_kizota
Shikamoo dada, nimebadilisha yote. "Inaendaje" inakwenda kwenye bei, na saa mbili sasa anauliza asubuhi au usiku. Limebaki moja: mtu akisema tu "nafikiria kuchukua lori Jumamosi", oda inaingia. Nimeandika "usiweke bila ruhusa", mara anatii, mara hatii.

mama_mizani
Marahaba. Hilo usiliachie maelezo hata kidogo. Zigawe zana mbili: andaa_oda, inayorudisha muhtasari na namba ya rasimu, na thibitisha_oda, inayodai namba hiyo. Kisha kwenye programu yako ya upande wa seva, thibitisha_oda ikatae mpaka meseji ya "ndiyo" iwe imetoka kwenye simu ya mteja mwenyewe.