Hivi nyie mnaouza vyombo vya marehemu kwa kilo mna akili kweli??

Wakuu nimekasirika, nikikosea kuandika mtanivumilia. Bibi yetu alizikwa Tanga, arobaini imepita juzi juzi tu, ndugu wakakubaliana nyumba isafishwe ipangishwe. Hilo sina ugomvi nalo. Sasa mi natoka Dodoma nafika jioni nakuta uani jamaa wa skrepa kaning'iniza mzani wake kwenye mwarobaini anapima masinia ya shaba, na lile birika la mdomo mrefu analigonga nyundo libondeke liingie kwenye kiroba!! Mjomba kasimama pembeni anahesabu noti. Nauliza mjomba shikamoo, kwani kuna nini hapa, najibiwa eti "aah hayo mavyombo ya kizamani, nani atapikia siku hizi".

Kwani nani kakwambia lazima upikie???

Jamani chukueni hata sumaku ya spika mbovu. Ikinata hicho ni chuma, mpe wa skrepa na baraka zote. Isiponata na chombo ni kizito, cha njano au chekundu, acha kwanza, geuza, chungulia ndani. Masufuria ya shaba yalikuwa yanatiwa bati kwa ndani ili chakula kisiharibike, ukiona weupe umelika huku na kule wekundu unatokeza, na kwa nje kuna vialama vya nyundo ya fundi, hicho kimefanyiwa kazi ya mkono, sio cha kupimwa kilo na betri za gari. Na msikisugue na stilwaya na mchanga eti king'ae, mnakiharibia bei.

Ila kilichoniuma zaidi ni sahani. Zile kubwa za maua, moja ndo ilikuwa ya kuandikia kombe, zile aya za Kurani za zafarani zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Zimegawiwa BURE kwa majirani, mbili nimezikuta kwenye banda kuku wanazinywea maji! Nikazigeuza, nyuma kuna mhuri Société Céramique Maastricht. Maastricht ya Uholanzi hiyo. Kile kiwanda kiliunganishwa na mwenzake Sphinx wa hapo hapo mjini mwaka 1958, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe hiyo sahani ina umri gani. Viwanda vya mji ule vilikuwa vinaleta mzigo pwani yetu tangu enzi za masultani, na nyumba za mawe za Lamu na Unguja watu walikuwa wanapanga vyombo vya kaure kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mgeni akiingia tu ajue kaingia kwa nani. Leo kuku!!

Sisemi kila yenye mhuri ni utajiri, zipo nyingi tu na ikiwa na ufa bei inaanguka vibaya. Lakini kugeuza sahani kunagharimu shilingi ngapi?

Halafu kuna huyu wa pili, naambiwa alikuja asubuhi na Noah, hana mzani wala kiroba. Akachagua dele la kahawa na kinu cha shaba cha kutwangia iliki, akalipa bila kubishana, mengine hata hakuyagusa. Mtu anakuja kununua shaba hana mzani na nyie hamshtuki?? Tena mama mdogo anamsifia eti kijana mstaarabu sana.

Nimeshagombana na nusu ya ukoo, naitwa mchoyo, eti nataka kurithi masufuria. Poa tu.

Kama kuna mtu yuko Tanga, pita pita Ngamiani huko kwa wauza skrepa, kuna sinia kubwa la shaba lina kiraka upande mmoja na nyota ya vitobo vitobo imegongwa kwa msumari chini ya ukingo, bibi aliigonga ili vyombo visipotee vikiazimwa harusini. Ukiliona njoo PM, nalinunua hata kwa bei mara mbili ya kilo, ila wasilibonde.