Aliyeandika stori ya meli ya Wajerumani ziwa letu, alikuwa nani hasa?

Kibirizi Kwetu:
Wakuu habari za jioni. Juzi banda umiza moja huku Mwanga, Kigoma, wakati tunasubiri mechi wakaweka muvi ya kizamani, The African Queen, jamaa mlevi na dada wa mmisionari wanashuka mtoni na kiboti wakalipue meli ya Wajerumani ziwani. Mzee mmoja akasema hiyo meli ndo Liemba ya Ziwa Tanganyika na mtunzi ni Mwingereza, C. S. Forester, watu wakabisha weee mpaka mpira ukaanza. Huyo Forester alikuwa mwanajeshi au mtu wa muvi tu? Na Liemba kweli ililipuliwa?

Mtoto wa Reli Tabora:
Mkuu, jina lake halisi ni Cecil Smith, Forester ni la kuandikia. Kazaliwa Cairo 1899, jeshini walimkataa kwa afya, akasomea udaktari London hakumaliza, akaamua kula kwa kalamu. African Queen kakitoa 1935. Hollywood wakamwita aandike skripti, sasa ona mkosi, yuko kwenye stori ya maharamia wenzake wakatoa Captain Blood inayofanana na yake, akaona isiwe tabu, akadandia meli ya mizigo kurudi kwao na humo melini ndo akaanza kumtunga Hornblower, ofisa wa jeshi la majini, kitabu cha kwanza 1937, huyo ndo aliyemtoa kimaisha. Mi naona muvi walimtendea wema kumchosha. Vita ya pili alikuwa Marekani anaiandikia propaganda serikali ya Uingereza, na huko Washington 1942 akamsukuma Roald Dahl, yule mtunzi wa vitabu vya watoto, aanze kuandika (Dahl naye kabla ya hapo alikuwa Dar, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, dunia ndogo hii). Kafariki California 1966. Ila skripti ya hiyo muvi mliyoona si yake, ni ya James Agee na John Huston.

Mama Dagaa:
Mdogo wangu Liemba haijalipuliwa na mtu. Ilikuja vipande vipande kwa treni, ikashushwa majini hapa Kigoma 1915 ikiitwa Graf von Götzen, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe adui asiichukue, injini wameshazipaka grisi kabisa maana walipanga kurudi. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikaanza kubeba abiria. Iliyopigwa na Waingereza ikazama ni Hedwig von Wissmann, Februari 1916, kikosi chao kilikuwa kimeleta viboti kutoka Cape Town mpaka ziwani kupitia Kongo. Na kwenye kitabu wale wawili hawalipui kitu, kiboti chao kinazamishwa na dhoruba, wanakamatwa, Waingereza ndo wanamaliza kazi. Muvi ndo ikabadilisha.

Bangwe Juu:
Sawa ila mnamsifia sana. Kitabu kinaanza wanakijiji wote wameshasombwa na Wajerumani, baada ya hapo ni wazungu wawili na mto basi. Hivyo viboti vya kutoka Cape Town unadhani nani alivikatia njia porini Kongo? Ni weusi, na kwenye stori hawana hata jina.

Mtoto wa Reli Tabora:
@Bangwe Juu hapo sikupingi.

Kibirizi Kwetu:
Asanteni sana. Kusoma Kiingereza kirefu siwezi jamani, kuna muvi yake nyingine?

Mama Dagaa:
Tafuta Greyhound, 2020, imetoka kwenye kitabu chake cha 1955, skripti kaandika Tom Hanks mwenyewe. Ila weka bando la kutosha.