Simbilisi waoga kutoka bandani: tupeane uzoefu

Mama_Wawili (Iringa)
Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa shikamooni.

Nina simbilisi (guinea pig) wawili, wote majike, niliwanunua mnadani wakiwa wadogo. Mmoja mweusi tii, mwingine ana mabaka meupe na ya kahawia. Fundi aliwatengenezea banda la mbao na wavu, liko sebuleni karibu na dirisha. Wanakula vizuri, na wakisikia tu mfuko wa majani unachakacha wanapiga mluzi nyumba nzima inasikia. Shida ni kutoka. Nikifungua mlango wanakimbilia kona ya nyuma, wanalundikana. Nikimtoa mmoja nikamweka sakafuni anaganda hapo hapo, macho yamemtoka, na moyo wake nausikia unavyodunda kiganjani. Mwanangu wa miaka saba anatamani kucheza nao, na mimi natamani wanyooshe miguu, banda ni dogo. Ila sitaki kuwalazimisha. Mliowahi kuwa na waoga wa namna hii mlifanyaje? Naomba yale mliyoyafanya wenyewe.

Mtoto_wa_Njombe
Pole dada. Mimi nimekulia kijijini Njombe, simbilisi wa bibi waliishi jikoni, hawakuwa na banda. Tulipika, tukala, tukaota moto, wao wanapita katikati ya miguu yetu. Mama akiingia na majani ya mahindi wanatoka wote kwa mluzi. Nilikua nikiamini simbilisi ni mnyama jasiri.

Nilipohamia mjini na kufuga wangu, wakawa kama hao wako. Nilihangaika miezi miwili, mpaka siku moja nikakumbuka lile jiko: kuni zimepangwa ukutani, chungu kimeinuliwa juu ya mafiga, vikapu, uvungu wa kitanda. Kila hatua mbili kulikuwa na mahali pa kujichomeka. Ule ujasiri ulitoka kwenye zile kuni! Sebule yangu ilikuwa tupu, na kwa mnyama ambaye kila kitu kinamwinda, sakafu tupu ni uwanja wa mwewe. Hata mkono wako unaposhuka kumshika, kwake ni kitu kinachomjia kutoka juu.

Basi nikachukua maboksi ya viatu, kila boksi nikalikata milango miwili. Uwe mwangalifu hapo, mlango mmoja hautoshi: anataka kuwa na pa kuingilia na pa kukimbilia. La kwanza nikaliweka limegusa mlango wa banda, la pili hatua moja mbele, mengine yakafuata ukuta, maana wanapenda kutembea kandokando ya ukuta. Mlango wa banda nikauacha wazi, nikakaa chini mbali kidogo. Sikumgusa yeyote. Siku tatu hakutoka hata mmoja. Ya nne nikaona pua. Wiki ya pili walikuwa wanafika boksi la mwisho na kurudi wakikimbia, na mmoja akaruka juu huku akijipinda hewani kama punje ya bisi. Ukiuona huo mruko ujue amefurahi.

Leso_na_Hoho (Nairobi)
Nakubaliana na ndugu wa Njombe, ila niongeze sakafu. Sisi tunaishi kwa fleti, kote ni vigae. Wangu walikuwa wanateleza, miguu inafunguka, wanaogopa zaidi. Nilitandika blanketi kuukuu na leso mbili juu yake, siku hiyo hiyo mwendo ukabadilika.

Halafu hoho. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, lazima aipate kwa chakula, na hoho iko nayo tele. Nilikuwa nakata vipande vyembamba, naviweka mlangoni, kesho yake mbele kidogo, hadi wakawa wanakula karibu na goti langu. Nalala chini nasoma kitabu, siwaangalii. Waya za chaja na za televisheni uziinue kwanza, meno yao hayaachi kukua na watatafuna chochote.

Kivu_Yetu (Bukavu)
Huku kwetu tunawaita simbiliki. Mimi nilibaki na mmoja baada ya mwenzake kufa. Akanyamaza, akakaa kona wiki nzima. Nilimletea mwenzake mdogo, na huyo mdogo ndiye aliyetoka kwanza, mkubwa akamfuata nyuma amemgusa kabisa. Kwa hiyo mama, usimtoe mmoja peke yake. Fungua, watoke wote.

Niko_Bern
Kweli kabisa. Huku Uswisi, tangu 2008, kumfuga simbilisi mmoja peke yake ni kosa kisheria, kwa sababu ni mnyama wa kundi.

Pwani_Dar
Naandika hili kwa uchungu ili lisimtokee mwingine. Wangu walishazoea sebule, nikaona niwapeleke uani wale majani wenyewe. Niliwawekea uzio wa wavu wa pembeni tu, juu wazi, kivuli cha mwembe. Nikaingia ndani kupokea simu. Jua likasogea, kivuli kikaondoka, na kunguru wakashuka. Mmoja nilimkuta amelala ubavu anahema, hakufika jioni. Simbilisi hatoi jasho, joto la Dar la mchana linamuua haraka. Siku hizi natoa saa kumi na mbili na nusu asubuhi au jioni, uzio una wavu juu, maji yapo, na siondoki.

Mtoto_wa_Njombe
Pole sana ndugu yangu. Kwa watakaotoa nje kwetu nyanda za juu: angalieni miparachichi. Majani yake ni sumu kwao, ya nyanya na viazi mviringo pia. Na kama hawajazoea nyasi mbichi, waanze kidogo kidogo, matumbo yao hujaa gesi.

Bwana_Sungura
Mimi niliwachanganya na sungura wakiwa nje. Msifanye. Sungura alimpiga mmoja teke akavunjika mguu.

Mama_Wawili (Iringa)
Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni mno. Pole Pwani, nililia niliposoma.

Nimeweka maboksi matano na kitenge sakafuni. Mwanangu nimempa kazi moja: akae chini, mkono wenye kipande cha hoho ukiwa umelala sakafuni, asiunyanyue. Siku nne za mwanzo alichoka na kuondoka. Jana jioni yule wa mabaka alitoka boksi la tatu, akanusa vidole vyake, akachukua hoho na kukimbia nayo chini ya kochi. Mtoto hakupumua! Mweusi bado, anaishia boksi la kwanza, pua tu ndiyo iko nje. Mlango wake nimeuacha wazi.