Mashua ya futi 28: AGM au lithiamu, na chaji iwekwe volti ngapi?

kusi_tupu: Assalaamu alaykum mafundi. Mashua ya tanga, ndani ina dizeli yenye altaneta ya ampea 55. Safari ni Mkoani hadi Malindi, na nyengine kulala nanga Misali. Vifaa: GPS yenye kipima kina, redio ya VHF, taa za LED, pampu ya ngama, simu. Ipo betri N70 moja ya gari na paneli ya jua ya wati 100. Asubuhi betri inasoma volti 11.8. Ninunue N70 nyengine, AGM (ya risasi na asidi, iliyofungwa), au lithiamu?

nyaya_na_nati: Waalaykum salaam nahodha. N70 nyengine usinunue. Betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba; kazi yake kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache, basi. Ukiinyonya usiku kucha, sahani zinaganda salfeti na uwezo haurudi.

Piga hesabu kwanza. GPS ampea 1 kwa saa 10, ni Ah (ampea-saa) 10. VHF ikisikiliza tu, 4. Taa ya nanga 2 na nusu, taa za ndani 3, simu 4, pampu 2. Haifiki hata Ah 26 kwa siku. AGM usiishushe chini ya nusu (12.2 ikiwa imetulia bila mzigo), kwa hiyo moja ya Ah 100 inakupa takriban siku mbili bila jua. N70 ibaki ya injini peke yake.

Chaji ya AGM ni 14.4 hadi 14.7, soma ubavuni mwa betri, ikijaa ishuke 13.6. Lakini namba hizo ni za nyuzijoto 25. Betri ikikaa karibu na injini kwenye nyuzi 40, punguza kama volti 0.3, la sivyo unaipika.

mkondo_wa_pemba: Mie nngeenda lithiamu (LiFePO4). Ah 100 ina kilo 12 hivi, AGM inakaribia 30, na unatumia Ah 80 bila wasiwasi. Chaji 14.2 hadi 14.4, na ikwolaizi (chaji ya volti za juu ya kusafisha sahani za betri za risasi) izimwe kabisa kwenye kontrola ya paneli.

Ila usiifunge moja kwa moja na altaneta! Lithiamu inavuta kila inachopewa. Injini ikizunguka polepole feni haipozi, koili zinaungua. Na BMS (kinga ya elektroniki ndani ya betri) ikikata ghafla, volti zinaruka na kuua dayodi za altaneta. Weka chaja ya DC-DC (inayozuia ampea zisizidi) ya ampea 20 au 30 katikati.

kusi_tupu: Ahsanteni. Na paneli hii moja inatosha?

nyaya_na_nati: Jua zuri inakupa Ah 25 hadi 30, yaani unakula chote ulichopata. Masika haitoshi, ongeza ya pili. Tena tazama saa sita mchana kivuli cha foromali kinaangukia wapi: mstari mwembamba tu juu ya paneli unaweza kukupokonya nusu ya umeme.

Fyuzi ya chanya iwe ndani ya shibiri moja kutoka kwenye betri. Nyaya ziwe zilizopakwa bati. Shaba tupu huliwa na chumvi ndani ya mpira. Nje waya mzima, ukiuvua nyuzi ni nyeusi. Paneli ikiwa inachaji, pima volti kwenye kontrola, kisha kwenye vichwa vya betri. Zikipishana zaidi ya 0.2, anza na waya na viungo kabla hujailaumu betri.