PC nikiizima skrini inakufa ila feni bado inazunguka

Wakuu habari, naombeni msaada, desktop yangu ya Windows 10 nikiizima skrini inakuwa nyeusi vizuri tu ila feni inaendelea na taa ya pawa inawaka, nimesubiri nusu saa wapi, mpaka niminye batani ya pawa kama sekunde tano hivi ndo inakata. Na umeme wenyewe huu wa Luku jamani 😩

> Mkuu jaribu kushikilia Shift halafu ndo ubonyeze Shut down. Ikizima, mchawi wako ni Fast Startup, ile haizimi mashine moja kwa moja, inahifadhi kernel (kiini cha Windows) kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ingia Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, toa tiki kwenye hiyo Fast Startup.

> Ikigoma chomoa vidude vyote vya USB, mi printa ndo ilikuwa inanitesa hivyohivyo. Halafu apdeti draiva ya chipset (zile chipu za motherboard).

> Shift imekubali!! Tiki nimetoa, nimezima mara tatu fresh. Ubarikiwe mkuu

> Poa, ila kuwaka itachelewa kidogo usishtuke